GPS ya Mkononi Mpwapwa: Kosa la Mita Tano na Kosa la Mita Mia Tatu

Anayesafiri kutoka Dodoma mjini kwenda Mpwapwa huvuka mstari usio na kibao wala geti. Ni longitudo ya digrii 36 mashariki. Dodoma mjini iko magharibi yake, Mpwapwa mjini iko mashariki yake, na katika mfumo wa UTM, ambao ndio uliochorewa ramani zetu za upimaji, mstari huo hutenganisha kanda ya 36 na kanda ya 37. Kila kanda huhesabu upya mita zake za kuelekea mashariki. Ndiyo maana namba ya mashariki ya Dodoma mjini inakaribia 800,000 na ya Mpwapwa mjini inakaribia 220,000, ilhali Mpwapwa ndiyo iliyo mashariki zaidi. Karani akiingiza koodineti za kisima cha Mpwapwa kwenye kompyuta iliyowekwa kanda ya 36, kisima kinahamia Katavi, magharibi ya Mpanda, zaidi ya kilomita 650 kutoka kwa watu wanaokunywa maji yake.

Kosa hilo halizuiwi na fedha. GPS ya dola 150 italifanya, na ya dola 2,000 italifanya vilevile, kwa sababu halimo ndani ya kifaa. Limo katika namba iliyoandikwa bila jina la kanda yake. Mtu anayetaka kununua GPS ya mkononi kwa kazi za huku katikati ya nchi, awe mtendaji wa kijiji, mchimbaji wa Winza, mfugaji wa nyuki katika milima ya Rubeho au mwalimu wa jiografia, swali lake la kwanza dukani huwa ni kifaa kinakosea mita ngapi. Swali hilo ni halali na lina majibu. Lakini makosa yanayowaumiza watu hapa ni ya namna mbili, na bei hupunguza namna moja tu. Hoja yangu ni kwamba mnunuzi aijue kwanza namna ile isiyopunguzwa na bei, kisha aangalie kazi yake inavumilia mita ngapi, ndipo ashike pochi.

Tuanze hata hivyo na kosa la kifaa, maana ndilo linalotangazwa kwenye maboksi. Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikitangaza saa yake na mahali ilipo. Kipokezi hupima muda ambao mawimbi yametumia njiani, hugeuza muda huo kuwa umbali, na kikipata setilaiti nne au zaidi hujua kiliposimama. Hadi mwaka 2000 Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Uvurugaji huo ulizimwa usiku wa manane wa Washington kuamkia tarehe 2 Mei. Huku kwetu ilikuwa saa 1 asubuhi. Kesho yake, tarehe 3, Mmarekani mmoja aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo ya plastiki yenye vitu vidogovidogo porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza koodineti zake na kuwaalika wenye GPS waitafute. Ikapatikana katika siku chache. Mchezo uliozaliwa siku ile, geokashingi, sasa umeenea karibu dunia nzima: mtu anaficha kikopo chenye kijidaftari, anatangaza koodineti, wengine wanakifuata, wanatia sahihi na kukirudisha mahali pake. Kwa Tanzania vikopo vingi vimefuata njia za watalii, Kilimanjaro, mbuga za kaskazini na Zanzibar.

Nautaja mchezo huu kwa heshima kamili, kwa kuwa sijaona mtihani wa GPS ulio mwaminifu kuliko huo. Anayepima shamba haoni kosa lake. Kioo kinamwonyesha namba nzuri zenye tarakimu nyingi, anaziandika, anaondoka, na hakuna kitu pale ardhini cha kumpinga. Anayesaka kikopo huliona kosa lake mara moja: kifaa kinasema umefika, umbali uliobaki ni sifuri, na kikopo hakipo. Inabidi azunguke, ainue mawe, atazame kwenye mizizi ya mbuyu. Hapo ndipo mtu anapoelewa mita tano ni kitu gani ukiwa ndani ya kichaka cha migunga. Anaelewa pia kwamba ile alama ya mita tatu inayosomeka kwenye kioo ni makadirio ya kifaa chenyewe na si kiapo. Mara nyingi mahali pa kweli pako nje ya duara la mita hizo tatu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mnunuzi ni kuucheza mchezo kabla ya kulipa, au angalau kabla muda wa kurudisha kifaa haujapita. Ficha kitu kimoja uwanjani penye anga wazi na kingine kwenye korongo la mlima Kiboriani, uchukue koodineti zake asubuhi. Siku nyingine, saa nyingine, mpe mwenzako kifaa cha pili akavitafute kwa namba tu. Umbali kati ya namba ilipomfikisha na kitu kilipo ndilo kosa lako halisi, kwa kifaa chako, katika nchi yako. Maneno ya muuzaji aliyesimama nje ya duka la Kariakoo hayawezi kukuambia hilo. Walimu wa jiografia wangefanya vizuri kuuingiza mchezo huu katika mafunzo ya vitendo, na Mpwapwa, yenye chuo cha ualimu na mlima mlangoni, ina kila kitu kinachohitajika.

Sasa mita tano zina thamani gani? Inategemea kazi. Kwa kisima, zahanati au shule hazina madhara yoyote. Hakuna atakayepita mita tano pembeni ya kisima asikione. Kwa mizinga ya nyuki iliyotundikwa msituni zinatosha kabisa, mradi mtu ajue na mti wenyewe. Kwa shamba mambo yanabadilika. Wakulima wetu wengi huhesabu ekari kuwa hatua 70 kwa 70. Kwa vipimo vya kitabu ekari ya mraba ina upande wa mita 63.6 hivi. Upande mmoja ukisogea mita tano, zimepotea au zimeongezeka mita za mraba zaidi ya 300, karibu asilimia 8 ya ekari nzima. Mjane mwenye ekari moja ya karanga hawezi kuambiwa kwamba hilo ni dogo.

Hata hivyo kuna jambo la kufariji hapa ambalo wauzaji hawalielezi. Sehemu kubwa ya kosa la GPS hubadilika polepole. Ukizunguka shamba kwa robo saa na kifaa kimoja, kona zote husogezwa karibu sawa, upande uleule, na eneo linalopatikana huwa zuri kuliko unavyotarajia ukitazama kosa la kona mojamoja. Matatizo huja unaporudi mwaka ujao na kifaa kingine kuitafuta kona ileile. Kwa hiyo GPS ya mkononi ni chombo kizuri cha kujua ukubwa wa shamba, na ni chombo dhaifu cha kuamua jiwe la mpaka lilikuwa wapi. Wanaoitumia kwa kazi ya pili waitumie kuwafikisha karibu, kisha bikoni, mti na kumbukumbu ya majirani vimalize.

Mipaka ya vijiji ndipo suala hili lilipokuwa zito zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilifungua njia ya vyeti vya ardhi ya kijiji na hakimiliki za kimila, na katika kazi ya kuzitayarisha, pamoja na ile ya MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha mali za wanyonge, GPS za mkononi zimetumika sana kwa kuwa upimaji kamili wa bikoni ni ghali. Wazee walipoulizwa mpaka uko wapi, walijibu kwa milima, miti na mito. Mto ni jibu zuri mahali mto unapokaa. Kinyasungwe haukai. Mto huu unaopita Gulwe na Godegode ndio uliokula reli ya kati mara kwa mara. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yaling'oa njia kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama. Mto wenye nguvu ya kuhamisha tuta la reli unaweza kuhamisha mpaka wa vijiji viwili kwa msimu mmoja, na ardhi inayobadilishwa upande ni ile tifutifu ya bondeni ambayo kila mtu anaitaka. Penye mto wa namna hiyo koodineti ni ulinzi, hata zikiwa za mita tano, maana mto unahama mita mia.

Kisha kuna Winza. Mwaka 2007 na 2008 habari za rubi na yakuti za kijiji hicho, kusini mwa Mpwapwa mjini, zilivuta maelfu ya wachimbaji, na vito vyake vikafika kwenye masoko ya dunia. Mchimbaji mdogo hupewa leseni ya eneo lisilozidi hekta 10, ambalo likiwa la mraba lina upande wa mita 316 hivi. Pembe zake ni koodineti. Hapa ndipo linapoingia kosa la pili lisilozuiwa na bei, na kwa maoni yangu ndilo la hatari kuliko yote, kwa sababu halionekani kama la kanda linavyoonekana. Kisima kilichohamia Katavi kila mtu atakicheka na kukirudisha. Kitalu kilichosogea mita 300 kitachimbwa.

Dunia si tufe kamili, na wapimaji huchagua umbo la hesabu la kuiwakilisha pamoja na mahali pa kulianzia. Chaguo hilo huitwa datamu. Ramani zetu za karatasi za kipimo cha 1:50,000 zilitengenezwa kwa datamu iitwayo Arc 1960, iliyotokana na ule mnyororo mrefu wa pembetatu za upimaji uliofuata longitudo ya 30 kutoka kusini mwa Afrika kuja kaskazini, wazo la mwanafalaki David Gill. GPS inatumia datamu nyingine, WGS 84. Mahali pamoja pa Mpwapwa pana namba tofauti katika datamu hizi mbili, na tofauti yake ardhini ni karibu mita 300, sehemu yake kubwa ikiwa kaskazini na kusini. Nyaraka nyingi za zamani za vitalu ziliandikwa kwa Arc 1960. Mchimbaji akiziingiza katika GPS iliyo kwenye WGS 84, kama inavyotoka kiwandani, atapelekwa karibu upana mzima wa kitalu chake mbali na kitalu chake. Atachimba kwa jirani kwa moyo mweupe, na jirani atamwona mwizi.

Dawa yake haina gharama. Katika GPS za Garmin kuna ukurasa wa mipangilio ya namna ya kuandika mahali. Humo unachagua UTM au digrii, na chini yake unachagua datamu, Arc 1960 ikiwa miongoni mwa orodha. Soma leseni au ramani yako imeandika datamu gani, weka hiyohiyo, kisha nenda kwenye kitu kinachojulikana, njia panda au kona ya jengo iliyo kwenye ramani, uone kama namba zinakubaliana. Mfumo mpya wa taifa wa upimaji, TAREF11, uko karibu sana na WGS 84 kiasi kwamba kwa GPS ya mkononi hutaona tofauti. Kwa hiyo hatari iko pale ramani au hati ya zamani inapokutana na kifaa kipya, na hati za zamani ndizo zinazotolewa kabatini watu wanapogombana.

Anayenunua kwa ajili ya vitalu au mipaka anapaswa kulijua jambo moja la anga la kwetu pia. Juu ya kilomita 100 hivi kuna tabaka la hewa lililochajiwa na jua, ambalo huchelewesha mawimbi ya setilaiti. Tabaka hilo si zito sawa kila mahali. Ikweta ya sumaku, kwa longitudo yetu, inapita juu ya Ethiopia, na uzito mkubwa hujikusanya katika mikanda miwili, kaskazini na kusini yake kwa digrii 15 hivi. Mkanda wa kusini unatuangukia sisi. Kipokezi cha masafa mamoja hukisia ucheleweshaji huo kwa kanuni iliyotangazwa na setilaiti zenyewe, na kanuni hiyo huondoa karibu nusu ya kosa tu. Kipokezi cha masafa mawili hulinganisha mawimbi mawili na kulipima kosa lenyewe. Ndiyo maana tofauti ya bei kati ya vifaa hivyo, ambayo mtu wa Ulaya anaweza kuiona ya anasa, kwa Mpwapwa ina sababu. Na asiyeweza kuilipa ana njia nyingine: apime asubuhi. Mchana tabaka huwa nene, na saa chache baada ya jua kuzama hutokea misukosuko inayofanya mawimbi kupepesa, hasa katika miaka ambayo jua lina madoa mengi.

Kuna kitufe kimoja kinachosifiwa sana ambacho hapa hakina kazi. Vifaa vingi vina mpangilio wa WAAS au EGNOS, unaopokea masahihisho kutoka setilaiti za ziada. WAAS ilijengwa kwa Amerika ya Kaskazini na EGNOS kwa Ulaya; masahihisho yao hayakukokotolewa kwa anga la Tanzania. Zima, uokoe betri. Kinachosaidia kweli ni kifaa kupokea mifumo mingi kwa pamoja, GPS, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na ikiwezekana BeiDou ya China, kwa kuwa ndani ya korongo la Kiboriani nusu ya anga imezibwa na mlima na kila setilaiti ya ziada ni msaada.

Kimo nakisema kwa ufupi, kwa sababu jibu ni fupi. Usitumie GPS ya mkononi kuamua kama maji yatashuka kwa mserereko kutoka chemchemi ya mlimani hadi tangi la kijiji. Kosa la kimo huwa kubwa kuliko la mahali, na simu nyingi huonyesha kimo kwa kufuata umbo la hesabu badala ya usawa wa bahari. Mwenye kupanga bomba aazime chombo cha kupimia usawa.

Umeme ni habari nyingine, na ni ndefu zaidi. Kazi inafanyika Lumuma, Wota au vijiji vya juu Rubeho, siku kadhaa mbali na soketi. Hapo naipenda GPS inayotumia betri za AA, zile za rimoti, zinazopatikana hata duka la kijijini. Kwa maelezo ya mtengenezaji, eTrex 22x hukaa saa 25 kwa betri mbili, GPSMAP 65 saa 16, na eTrex SE ya mwaka 2023 hadi saa 168. Namba hizo ni za betri nzuri. Betri za bei ya chini kabisa dukani, za kaboni, huisha mapema mno na zikiachwa ndani ya kifaa huvuja na kula vishikizo vya chuma. Za kuchaji ni bora kwa mwenye sola, ila kifaa kiambiwe katika mipangilio kwamba zimewekwa za kuchaji. Kisipoambiwa kitasoma vibaya chaji iliyobaki na kuzimika ghafla. Kifaa chenye betri ya ndani kinahitaji pawa benki, na pawa benki ya msafara mara nyingi imeshapewa simu za watu.

Simu yenyewe je? Ni swali zito, na wengi wanaouliza GPS gani wanunue wanapaswa kuambiwa kwamba huenda hawahitaji kununua. Chini ya anga wazi simu janja ya kawaida hufika ndani ya mita tano hivi, na simu za masafa mawili zimekuwapo tangu Xiaomi Mi 8 ya mwaka 2018. Simu haihitaji mtandao kupata mahali. Bila mtandao inachelewa tu mwanzoni. Programu kama ODK Collect na KoboToolbox hukusanya koodineti pamoja na picha na majibu ya fomu, bila mtu kuandika namba kwa mkono. Mkoani Iringa mradi wa MAST, ulioanzia kijiji cha Ilalasimba mwaka 2014, ulitumia simu janja kuwafanya vijana wa kijiji wapime mashamba ya jamaa zao kwa ajili ya hakimiliki za kimila. Mkoani Kigoma walinzi wa misitu ya vijiji wanaofanya kazi na Taasisi ya Jane Goodall wamekuwa wakiandika nyayo, mitego na miti iliyokatwa kwa simu na ODK kwa miaka mingi. Sensa ya 2022 nayo ilifanywa kwa vishikwambi, ambavyo baadaye viligawiwa walimu.

Uandishi wa namba kwa mkono ndio unaonifanya niipende simu kwa kazi ya kukusanya. Katika takwimu za vituo vya maji vya Tanzania bara zilizokusanywa hasa kati ya 2011 na 2013, na baadaye kutolewa kwa umma duniani kama zoezi la wachambuzi wa takwimu, kulikuwa na vituo 59,400 katika fungu la mafunzo, na vituo 1,812 kati yake vilikuwa na longitudo sifuri. Longitudo sifuri na latitudo sifuri zinakutana baharini, Ghuba ya Guinea. Vituo vile viko mahali fulani kweli, watu wanateka maji, lakini fundi akitumwa kwa orodha ile hana pa kwenda. Kifaa ghali kisingelizuia hilo. Fomu inayokataa kufungwa mpaka koodineti ziwe ndani ya wilaya ingelizuia.

Lakini jua la Mpwapwa saa saba mchana huifanya simu ipate joto na kioo chake kififie, ilhali kioo cha GPS za mkononi kimetengenezwa kusomeka vizuri zaidi kadiri jua linavyokipiga. GPS ina vitufe vinavyobonyezeka kwa kidole chenye tope na haifi ikianguka kwenye mkondo; nyingi huvumilia mita moja ya maji kwa nusu saa. Sababu yangu kubwa hata hivyo ni ya umiliki. Simu ni ya mtu. Mtendaji akihamishwa, simu inahama naye pamoja na pointi zote za kijiji. GPS ya mkononi ni mali ya ofisi, inaandikwa kwenye daftari la vifaa, inakabidhiwa kwa sahihi. Kwa kijiji hilo lina uzito kuliko ubora wa antena.

Tukifika dukani, uwanja umetawaliwa na kampuni moja. Magellan ndiyo iliyotoa GPS ya mkononi ya kwanza ya raia, NAV 1000, mwaka 1989, mwaka uleule Gary Burrell na Min Kao walipoanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Garmin kwa kuunganisha majina yao. Leo maofisa ardhi na misitu wengi wamefunzwa kwa Garmin, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuinunua: ukikwama, utapata wa kumuuliza.

Kwa ofisi ya kijiji, kikundi cha maji au wafugaji wa nyuki ningechukua eTrex 22x, iliyotoka 2019 kwa dola 200 huko Marekani, au ndugu yake mkubwa 32x kwa anayetaka dira ya ndani na kipima kimo cha hewa, ambavyo mimi nisingevilipia. 22x ina sehemu ya memori kadi na inapokea ramani za bure za OpenStreetMap. Njia za vijiji vingi vya Mpwapwa zimechorwa kwa uchache, lakini kijiji chenyewe kinaweza kuziongeza. eTrex SE, iliyoanza kwa dola 150, inanivutia kwa betri yake, ila haina ramani na inategemea simu kwa mengi. eTrex 10 ya zamani, isiyo na ramani wala kadi, bado inatosha kwa visima. Kwa vitalu vya madini na kona za mipaka ningepanda hadi GPSMAP 65 ya mwaka 2020, iliyokuwa dola 350, kwa sababu ya masafa mawili. Bei za hapa huwa juu ya hizo. Juu yake kuna vipokezi vya wapima kama Emlid Reach RS2, kilichouzwa karibu dola 2,000, vinavyofika sentimita vikiwa na kituo cha rejea; hivyo viwe vya halmashauri na vizunguke vijijini, kijiji kimoja kisijitwishe.

Za mkononi zilizotumika, hasa GPSMAP 60CSx zilizoachwa na miradi, ni nzuri kuliko umri wake. Angalia tarehe tu: hesabu ya wiki ya GPS ilirudi sifuri Aprili 2019, na vifaa vingine vya zamani sasa huonyesha tarehe ya miaka 19 na zaidi nyuma. Mahali hubaki sahihi; ushahidi wa tarehe ndio unaoharibika, na kwenye shauri la ardhi tarehe huulizwa.

Kifaa chochote utakachochukua, kona muhimu ipimwe kwa wastani. Garmin huweza kurudia pointi moja mara kadhaa na kukokotoa kati yake. Mtengenezaji anashauri vipimo vinne hadi vinane, vikiachana kwa dakika 90 au zaidi, ili setilaiti zihame na kosa libadilike. Kusimama dakika kumi mfululizo kwenye kona hakufanyi kazi hiyo. Mpango ni kuizunguka mipaka asubuhi, kurudi baadaye, kurudi tena kesho yake.

Kisha iandikwe kwa kalamu, hata kama faili lipo: kanda ya 37 Kusini, datamu, tarehe na saa, jina la kifaa, idadi ya vipimo, kosa lililosomeka, na maelezo ya kinachoonekana pale, bikoni, mbuyu, mwamba. Kabla mpima hajapanda pikipiki, faili la GPX, lile lenye pointi zilizopimwa, linakiliwe kwenye flashi ya ofisi ya kijiji, na karatasi iingie masijala ya ardhi ya kijiji pamoja na sahihi za majirani waliokuwepo. Kijiji cha upande wa pili kipewe nakala ileile siku ileile, ili siku mashauri yakifika barazani pande zote mbili ziwe zinasoma namba zilezile za datamu ileile.